Kilichokuwa Mfukoni mwa Baba Mkwe

Lusajo ndiye aliyenipigia simu kuniambia baba yake amefariki, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka. Habari za msiba huanzia kwa mwenye damu, na mwenye damu alikuwa mume wangu Gwamaka, kaka yake, ambaye asubuhi ile alikuwa shambani hapo hapo Isongole tunakoishi na simu yake inapatikana. Kwa nini anipigie mimi, mke wa mtu, tena baada ya miaka yote ile ya kutosalimiana? "Shemeji, mzee ametutoka," alisema. "Mwambie kaka taratibu. Halafu na wewe uje, usibaki huko. Mama ana neno na wewe." Nikaiweka simu juu ya gunia la viazi na kuanza kuhangaika na hilo neno badala ya kulia. Mama mkwe wangu hajawahi kuwa na neno na mimi likawa la heri. Ndipo nikakumbuka kwamba nimefiwa, nikajaribu kumlilia yule mzee, na kila nilipoitafuta sura yake nikapata kikohozi chake, viatu vyake mlangoni na mlio wa funguo zake. Nimeishi nyumbani kwake mwaka mzima nikaiona sura yake mara moja tu, na hata hiyo mara moja ilikuwa ni makosa.

Nieleze hapa, maana watoto wangu wenyewe wananicheka. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akipita njiani, unaingia kwenye migomba. Akiongea, hujibu. Jina lake hulitaji, na ukiwa na jambo la kumwambia unampa mtu mwingine alibebe. Naye vilevile ana haya yake: akikuona anageuza uso, na mbele yako hawezi hata kufungua kifungo cha shati. Siku hizi mjini watu wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, na mimi nilikulia Tukuyu mjini, nilidhani mambo hayo yameisha. Nilipoolewa Masoko nikakuta kwa mama mkwe hayajaisha hata kidogo. Tena ilikuwa balaa zaidi kwa sababu nyumba yetu mimi na Gwamaka ilikuwa bado haijaezekwa, kwa hiyo tuliwekwa chumba cha nyuma, kilichofungukia jikoni, na kati ya jiko na sebule ya mzee kulikuwa na ukuta wa mbao. Mbao zikikauka zinaachana. Mtu anaweza kuheshimu mila kwa macho. Kwa masikio sijui angefanyaje.

Basi mwaka ule niliuishi kwa kusikiliza. Asubuhi nilimenya ndizi, nikasikia mzee anaomba, anakohoa, anawasha kiko chake, anakohoa tena. Alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyetunza funguo, kitita kizima, cha milango na makabati na sanduku la vitabu, na alizitia zote mfuko wa kushoto wa koti. Koti hilo halikumtoka mwilini, kwa baridi na mvua yetu hii hakuna wa kumlaumu. Nilijua anapokwenda kwa mlio tu. Mama mkwe alikuwa upande wangu wa ukuta, na yeye alinisikiliza mimi. Nilipofika kama bibi harusi, katika sanduku langu, chini ya vitenge, alikuta mita yangu ya umeme, ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, niliyokuwa naitumia kibandani kwa mjomba tulikokuwa tunatengeneza redio na simu pale stendi. Aliishika kwa ncha za vidole. "Hiki kinapima nini?" akauliza. Nikamwambia kinapima umeme. "Na watu?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo nilijua naangaliwa.

Lusajo alirudi kutoka Dar es Salaam mvua za masika zilipoanza, na begi lililojaa vikorokoro vya simu. Mzee alikuwa ameambiwa hospitali achague, tumbaku au pumzi. Siku hiyo nilikuwa napika ndizi na maharage, mama mkwe yuko uani, nikawasikia sebuleni kama vile niko nao mezani.

"Mzee, nimekuletea mbadala wa kiko. Vijana wanaiita vepu."

"Hili bomba?"

"Ni sigara ya umeme. Haina tumbaku, haina jivu. Unabonyeza hapa chini, unavuta."

"Na moto uko wapi?"

"Moto ni betri. Humu juu kuna waya umezungushwa, ndiyo koili, katikati yake pamba. Pamba inalowana kwa maji yake haya, betri inapasha waya, unatoka mvuke. Hii koili nimeifunga mwenyewe, mzee. Waya mnene, mizunguko michache. Moshi wake ni noma!"

Nikasikia mzee anavuta, ananyamaza, kisha anacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia anacheka. Mbao zikaanza kupitisha harufu ya embe, na nyumba nzima haikuwa na embe hata moja.

Kama kitu kile kilikuwa nafuu kweli kuliko kiko, sijui hadi leo, na naona hata madaktari hawajamaliza kubishana. Kilichonishtua ni yale maneno mawili: waya mnene, mizunguko michache. Mjomba alinifundisha kwamba waya mwembamba na mrefu unakinza umeme, na mnene mfupi unauachia upite. Koili yenye ukinzani mdogo inadai umeme mwingi kwa mkupuo, na anayedaiwa ni betri. "Betri haina haya," mjomba alikuwa anasema, "ikiombwa inatoa, hata kama itakufa." Na lile bomba, nililokuja kuliona baadaye, lilikuwa shaba tupu, halina kioo wala namba. Vifaa vya maana vina sakiti ndani inayopima koili na kukataa kuwaka ikiona kasoro. Lile lilikuwa kitufe, betri na koili, basi; ukibonyeza linatii, na betri ikichemka, inachemkia mkononi mwa mtu, karibu na mdomo wake.

Mama mkwe alikuwa na mashaka yake mengine kabisa. Moshi usio na jivu, harufu ya tunda lisilokuwepo, na mume wake wa miaka mingi ambaye ghafla anacheka peke yake sebuleni. "Kitu cha namna hii hakiji bure," aliniambia tukichambua maharage. "Kuna mtu amekituma." Aliponiangalia akisema "mtu", nilijua hamfikirii wa Dar es Salaam. Mimi ndiye mgeni wa nyumba, mimi ndiye mwenye kidude cha nyaya mbili. Akaanza kwenda kwenye maombi ya akina mama kila yalipoitwa, na akirudi alikuwa ananusa hewa kama anayetafuta panya aliyefia darini.

Siku moja mzee alikwenda kanisani kwenye kikao akaliacha bomba juu ya stuli, na mama mkwe alikuwa shambani. Sebule ilikuwa tupu kwa hiyo sikuvunja mwiko. Nilitoa betri kwanza, maana hakuna anayepima koili betri ikiwa ndani, nikagusa miguu ya koili kwa nyaya za mita. Mita za kawaida zinadanganya kwenye namba ndogo, kwa hiyo niligusanisha ncha zake zenyewe kwanza, nikaona zinasoma nini, nikatoa. Ikabaki kama sifuri nukta moja tano ya omu, ndicho kipimo cha ukinzani. Betri iliyojaa ina volti nne na kidogo. Gawanya mwenyewe: inatakiwa itoe ampea karibu ishirini na nane. Betri ya duara ya aina ile, kwa nilivyozijua kwenye kompyuta mbovu tulizokuwa tunazifungua kibandani, nyingi hata ampea kumi zinazitoa kwa kuhema. Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, na hesabu ile nikarudi nayo jikoni.

Lusajo aliielewa upesi, na nitamsifu kwa hilo hapa kwa kuwa sikumsifu wakati ule. Nilimwita mlangoni pa jiko, nikamwambia. Akakuna kichwa. "Shemeji, kumbe wewe fundi! Mimi nimefundishwa na video tu, na wale wote wanatafuta moshi mkubwa." Akaleta waya mwembamba, akauzungusha kwenye msumari, mizunguko mingi na iliyolingana, mimi nikashika mita. Ikasoma karibu omu moja. Ampea nne hivi, mzigo ambao betri ya kawaida inaubeba. Tukiwa tumeinamia kile kiwaya, Gwamaka akatokea uani na jembe begani. Alisubiri mpaka tulipokuwa chumbani kwetu.

"Mlikuwa mnapima nini?"

"Koili ya Baba."

"Koili gani inayopimwa na watu wawili wamegusana vichwa?"

Mume wangu ni mtu mwema, na leo ukimkumbusha anaangalia pembeni. Siku zile alikuwa kijana mwenye mke mpya na mdogo wake mwenye viatu vya mjini. Kuanzia hapo, neno betri likitoka kinywani mwangu lilikuwa linamgeuka usoni kuwa jina la ndugu yake.

Tatizo la koili lilipoisha, likaja la mfuko. Betri zilikuwa mbili, zote zimevaa nailoni ya zambarau yenye maandishi ya kigeni. Moja ilikaa kwenye bomba, nyingine mzee alitembea nayo ili akipita dukani kwenye umeme aichaji. Mimi nikisikia kitita cha funguo kinapita uani nilisikia sasa na kitu kingine ndani yake, kizito, kinagonga. Nikajua iko mfuko wa kushoto, pamoja na funguo. Mtu asiyefahamu atasema kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba betri ya namna ile mwili wake wote wa bati ni upande hasi, mpaka juu kabisa karibu na kile kichwa cha chanya. Kinachozitenganisha pande mbili ni kile kinailoni na kipete cha karatasi. Ufunguo ukigusa huku na huku, hiyo ni shoti, na hapo hakuna koili ya kukinza chochote. Itatema umeme wake wote kwa pamoja, ichemke, itoe gesi, iwake.

Ilikuwa ni jambo la sentensi moja. Baba, usichanganye betri na funguo. Lakini sentensi hiyo ilihitaji mtu wa kuibeba, na nyumba ilikuwa imejaa watu wenye mashaka. Nilimwambia Gwamaka, akasema, "Mwambie mwalimu wako ampelekee." Nilimwambia Lusajo, akasema betri ikiwa na nguo yake nzima haina neno kubwa, ila akienda Mbeya atamletea mzee kiboksi cha plastiki cha kuzihifadhia, lakini Mbeya hakwenda. Akabaki mama mkwe. Tulikuwa tunamenya ndizi za mbalaga, yeye upande huu wa karai mimi ule, nikaona ametulia, nikajitosa.

"Mama, naomba umwambie Baba ile betri asiiweke mfuko mmoja na funguo. Chuma kikiigusa vibaya inawaka."

Kisu chake kikasimama. "Gwe Sekela. Umejuaje kilichomo mfukoni mwa mume wangu?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia mfuko?"

Jibu la kweli lilikuwa baya kuliko uongo. Ndiyo, nilisikia mfuko. Nilikuwa namjua mkwe wangu kwa milio yake jinsi mke anavyomjua mume, na mama yule aliligundua hilo kabla yangu. Jioni hiyo hiyo akatundika kanga mbili kwenye mbao na mlango wa sebule, zikaziba mianya yote. Ujumbe wangu haukuvuka ukuta.

Siku chache baadaye nikiwa natoa maganda ya ndizi kuwapelekea ng'ombe, niliona kitu cha zambarau. Nikakivuta. Ilikuwa nguo ya betri, imechanwa kwa urefu, safi. Nilisimama zizini nimekishika na mawazo yakaniendesha. Kibandani kwa mjomba tuliwajua walaghai wanaochukua betri zilizochoka, wanazivua nguo, wanazivisha nyingine mpya yenye namba kubwa za uongo, wanauza. Nikasema moyoni, kumbe Lusajo ni katika hao. Anamvisha baba yake betri mbovu, na hii ndiyo nguo ya zamani aliyoitupa. Nikaitia kwenye mkoba wa mita nikanyamaza, nikaanza kumtazama shemeji yangu kwa jicho la pembeni. Nilijiona nina akili sana. Nilikuwa nimeshika ushahidi wa kweli na nikausoma kinyume.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, mchana. Gwamaka na Lusajo walikuwa wanahangaika na mabati ya nyumba yetu, hawasemezani. Mama mkwe alikuwa kwenye maombi. Mzee alirudi kutoka kanisani amelowa. Nilimsikia anavua shati sebuleni na kulitundika, kisha anavaa tena koti juu ya fulana maana baridi ilikuwa kali. Nilisikia amekaa. Nilisikia funguo zinatulia. Mimi nilikuwa na ndizi mkononi. Halafu ikaja harufu, haikuwa embe, ilikuwa tamutamu ya kukereketa kama rangi ya kucha, na nyuma yake mlio wa kitu kinachochuruza hewa. Mzee akasema, "Ah! Ah!" kama mtu aliyekalia kaa la moto. Nilijua ni nini kabla sijasimama.

Niling'oa zile kanga mlangoni nikaingia. Mzee alikuwa amesimama kando ya meza, mfuko wa kushoto unatoa moshi mweupe, akanitazama usoni. Hapo ndipo nilipomwona: mwembamba kuliko sauti yake, sharubu nyeupe, macho ya mshangao. Halafu akafanya jambo ambalo mwanaume yeyote mwenye heshima zake wa kwetu angelifanya. Akageukia ukuta, akalibana koti kifuani kwa mikono miwili.

"Baba, vua koti!" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake.

Aliuambia ukuta, kwa sauti ya kuomba, "Kuna mtu hapo? Mwondoeni mkamwana! Mwe, mwondoeni!" Na nyumba haikuwa na mtu wa kuniondoa. Mfuko ukashika moto, ulimi mdogo wa bluu ukampanda pajani, na yeye akazidi kulibana koti, maana ndani alikuwa na fulana tu na mke wa mwanawe alikuwa anamwangalia. Nilipiga hatua kwenda kumvua kwa nguvu. Akarudi nyuma akajikunyata pembeni. Nilielewa kwamba angeungua akiwa amefunga vifungo, wala si kwa ujinga. Ni haya tu, na kilichomzuia ni macho yangu.

Nikageuka. Nilimpa mgongo, nikajifunika kichwa kwa kanga, nikakabili mlango. "Baba, sioni," nikasema. "Nimegeuka. Hakuna anayeona. Vua." Sijawahi kuogopa kama pale. Mtu anaungua hatua chache nyuma yako, na msaada pekee ulio nao ni kutomtazama. Nikasikiliza, kama nilivyokuwa nimesikiliza mwaka mzima. Nikasikia kifungo. Nikasikia kitambaa kinavutwa, mzee anaguna kwa maumivu, na mwisho funguo zote za kanisa zikaanguka sakafuni ndani ya koti. Miguu yake ikakimbilia chumbani na mlango ukafungwa. Ndipo nilipogeuka, nikachukua mpini wa jembe, nikalikokota lile koti hadi uani kwenye mvua. Betri ikachomoka mfukoni ikitema moto, ikaruka mpaka chini ya migomba, ikazima yenyewe. Nilipoisogelea ilikuwa nyeusi, uchi, haina nguo yoyote, mpya wala ya zamani.

Mzee alilazwa hospitali Tukuyu. Paja lilipona likaacha kovu, na vidole viwili vya kushoto havikukunjika tena. Aliporudi kikaitishwa kikao cha ukoo, wanaume sebuleni na mimi jikoni nyuma ya mbao, maana ingawa kesi ilinihusu sikuwa na haki ya kuingia. Mmoja wa baba wadogo aliinua ile betri iliyoungua. "Hii gani haina hata ngozi?" Lusajo akaapa aliitoa ikiwa na nguo yake ya zambarau. Hakuna aliyemwamini. Wala mimi. Nguo hiyo hiyo ilikuwa kwenye mkoba wangu wa mita na nikaona nikiitoa nitammaliza kijana wa watu, nikaacha. Wakamwambia aondoke na uchawi wake wa Kariakoo, akaondoka bila kuaga. Kisha wakanigeukia mimi. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alisema tu, "Huyu alijua mfuko una nini. Na mume wangu amevua nguo yeye akiwemo ndani." Kuku alichinjwa, tukaombewa, na kabla mabati hayajamalizika tukahamishiwa Isongole kwenye shamba la baba mdogo. Kikao chote nilikuwa nasubiri sauti moja tu, ya mzee, iseme kwamba niligeuka. Mzee alikohoa tu. Nikahitimisha kwamba amechukia, na nikaishi na hitimisho hilo. Kila msimu tulituma gunia la viazi Masoko, na kila msimu jibu lilikuja kwa simu ya mama mkwe, neno moja: "Vimefika." Nilikuwa namuuliza Gwamaka, Baba hajasema kitu? Anasema hajasema.

Haya yote nilipanda nayo bodaboda kushuka Masoko siku ya msiba. Lusajo alinipokea kwenye turubai, amenenepa, amekuwa mtu wa duka kubwa huko Dar es Salaam, akanishika mikono miwili. "Shemeji, bado una mita?" Akacheka na machozi yanamtoka, nami nikashuku furaha yake vilevile. Nikapelekwa chumbani kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake, akawaomba watupishe. Amekuwa mdogo, yule mama. Aliniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza.

"Mama Ipyana, kaa. Ile betri niliimenya mimi."

Nikakaa ukingoni mwa mkeka.

"Nilidhani kuna kitu kimefungwa ndani. Yale maandishi. Nikaichukua mfukoni amelala, nikaimenya kwa kisu cha ndizi, nikakuta chuma kitupu. Nikairudisha mfukoni. Ulikuwa umeniambia habari za funguo, na mimi nikasema huyu anataka nini na mume wangu." Akajifuta uso. "Lusajo nimemwambia juzi tulipokuwa tunamuuguza baba yake. Amenisamehe upesi mno, hata nikashuku."

Kama isingekuwa msibani ningecheka. Badala yake nilihisi hasira inapanda, hasira ya kweli, kwa ajili ya Lusajo na kwa ajili ya ile miaka, na nikamwambia, "Mama, ulitufukuza." Akasema, "Eena, niliwafukuza." Kisha akaweka mkono kwenye goti langu, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

"Na kingine ndiyo kinanisumbua zaidi. Siku ya kwanza hospitali, amefungwa mabandeji, alinituma kwako. Alisema: 'Mwambie mkamwana, ndaga. Mwambie mwingine asingegeuka.' Nikasema nitakuambia. Nikaona wivu, nikakaa nalo. Akaniuliza kama limefika. Nikamwambia limefika. Kila mlipoleta viazi ananiuliza, 'Na yeye hajasema kitu?' Namwambia hajasema."

Ndaga ni neno letu la asante, fupi tu, hata mtoto analimudu. Lilikuwa limetoka hospitali Tukuyu na kukaa miaka kifuani mwa mwanamke mmoja. Mimi nilikuwa Isongole namdhania mzee kinyongo, na mzee alikuwa Masoko, labda ananidhania vivyo hivyo. Nililia hapo, kwa sauti, na wanawake waliokuwa nje wakaitikia wakidhani tunamlilia marehemu. Walikuwa sahihi.

Wakati wa kuaga mwili ulipofika, kulizuka minong'ono kama mkamwana apite au asipite. Mama mkwe akasema nipite, nimwangalie nitakavyo, hakuna tena wa kunikataza. Foleni ikasogea. Nilifika kwenye jeneza nimeinamisha kichwa, nikaona ukingo wa shuka nyeupe, na nikajua kwamba nikiinua macho nitamwona, safari hii bila moshi, kwa raha zangu. Sikuinua. Niligeuka, nikampa mgongo mbele ya watu wote, nikajifunika kanga kama siku ile.

"Baba," nikasema, "limefika."